Mzigo Uje Wazi

Nyumbani kwetu Magomeni hakuna aliyejua hasa ninafanya kazi gani, na mimi nilishaacha kueleza. Shangazi yangu huwaambia watu kwamba mimi ni fundi kompyuta, basi kila simu iliyopasuka kioo pale uani huletwa kwangu. Jirani wa chumba cha mbele anaamini niko benki kwa sababu huondoka asubuhi nimevaa viatu vya kufunika vidole. Ukweli ni kwamba mimi hupanga bakapu, yaani nakala za akiba. Ofisi ikipoteza kila kitu kilichomo kwenye kompyuta zake, kwa moto, kwa mafuriko au kwa mkono wa mtu, kazi yangu ni kukirudisha kama kilivyokuwa. Inahitaji mtu anayewaza mabaya mchana kutwa, na mimi kipaji hicho Mungu amenijalia.

Kazi ya baba yangu, hiyo inaonekana. Yeye ni mfungaji mizigo. Kona yake iko pale Kariakoo inapokaribia kuwa Gerezani, kwenye baraza la duka la vipuri, na amekaa hapo tangu sijazaliwa. Alikuja mjini kutoka Kusini akiwa kijana, akajifunza kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa na baraza hilo kabla yake, na mzee alipofariki baraza likawa lake. Watu wa mikoani wakishamaliza kununua humletea ndoo, masufuria, viatu, madaftari na vitenge. Yeye huvipanga, huvitia kwenye mifuko ya salfeti, huvikaza kwa kamba ya manila mpaka kamba inalia, kisha huandika kwa kalamu nene jina la mwenyewe na mji mzigo unakoenda. Matingo wa malori ya Songea wanalijua fundo lake hata bila kusoma kilichoandikwa.

Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa napitia pale nikitoka darasani. Ananipa ncha ya kamba, naweka mguu juu ya mzigo, ananiambia vuta. Navuta mpaka viganja vinawaka. Akiona kuna ulegevu wa kuingia kidole anafungua chote, tunaanza upya. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba kazi njema ni kitu kilichobanwa. Hata nywele zangu hadi leo msusi hulalamika kwamba nataka zikazwe mno.

Mteja wa baba wa siku nyingi kuliko wote ni mama mmoja mwenye kiwanda cha uchapaji, mtaa wa pili kutoka kwenye baraza lile. Huchapa kadi za harusi, fomu za shule, na kila mwisho wa mwaka kalenda nyingi sana zinazokwenda mikoa yote ya Kusini. Kalenda hizo hufungwa na baba peke yake. Ni mama wa kipwani, mzaliwa wa Ilala, mpole wa sauti, na sijawahi kuona mtu mzima akimbishia mara mbili.

Seva ya mama huyu, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili yote ya kiwanda, ilikufa. Ilizimika asubuhi moja haikuwaka tena, na michoro ya miaka mingi ikaenda nayo. Wafanyakazi wake walikaa wiki nzima wakichora upya maua na mapambo kwa kutazama kadi za zamani zilizokuwa kwenye madroo. Baada ya hapo akanunua seva mpya, na mashine maalumu ya kuhifadhia bakapu kutoka kampuni moja ya mjini, akawa anatafuta mtu wa kuipangia kazi zake. Wakati huo mimi nilikuwa na meza moja ya kupanga kule Ilala, wateja wawili, na kadi za biashara nilizokuwa nazigawa hata msibani.

Baba alikwenda kwake bila kuniambia. Nilichojua ni kwamba nimeitwa, nimepewa kazi, na nimeambiwa nina muda wa majaribio. Maneno aliyoyasema baba niliyasikia siku ya kwanza kutoka kwa mama mwenyewe, akiwa anavua miwani yake na kuifuta kwa ncha ya mtandio.

"Baba yako kaniambia nikupe wewe," alisema. "Kasema ukiharibu, nisimpe tena mzigo wangu hata mmoja."

Nilitamani kiti kinimeze. Kalenda za mama huyu ndizo zilizonilipia chuo. Ndizo zilizompa baba heshima pale mtaani, maana kila Desemba malori yalisimama kwenye baraza lake na wafungaji wengine wakatazama. Na mzee kama yule, ambaye hata mwavuli wake hamwazimi mtu, alikuwa ameviweka vyote mezani kwa ajili ya kazi ambayo hata jina lake hawezi kulitaja. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamkuta anakula, nikamsalimia, naye akaitikia marahaba akaendelea na wali wake.

Mashine yenyewe ilinipendeza tangu nilipoifungua boksi. Sifa yake kubwa ni kwamba haihifadhi kitu kimoja mara mbili. Kila faili likiingia, inalikata vipande vidogo na kuulizia kila kipande: hiki ninacho? Ikiwa inacho, inaandika tu kwamba kimekuja tena, inaendelea na kingine. Kwa kiwanda cha kadi za harusi hiyo ni neema. Harusi moja ina wageni mia nne, ua ni lilelile, dhahabu ya pembeni ni ileile, ukumbi ni uleule, kinachobadilika ni jina la mgeni. Mashine ikifanya kazi yake sawasawa, inaweka kadi moja na majina mia nne.

Nikakaa kupanga bakapu. Kazi ianze saa moja jioni wafanyakazi wakishaondoka, ichukue seva nzima, imalize kabla ya alfajiri, na mimi nisome matokeo asubuhi. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikakuta visanduku viwili vya kutia tiki. Cha kwanza kiliuliza kama nataka mafaili yabanwe kabla ya kutumwa, ili yawe madogo. Cha pili kiliuliza kama nataka yafungwe kwa ufunguo wa siri, mtu asiweze kuyasoma. Mama alikuwa amenisisitizia kwamba michoro yake isionwe na mtu, maana Kariakoo ua zuri likionekana Jumatatu, Jumatano liko kwenye maduka matatu. Nikavitia tiki vyote viwili, na nakiri kwamba nilitabasamu. Nilijiona niko barazani, mguu juu ya mzigo, nimevuta kamba mpaka ikalia.

Wiki ya kwanza sikuona shida. Wiki ya pili nikaona kipimo cha nafasi kinapanda kila asubuhi kwa kiasi kilekile, kana kwamba kila jioni kiwanda kizima kimechora vitu vipya kabisa. Wiki ya tatu taa ya njano ikawaka mbele ya mashine. Mashine ilikaa stoo, na mama huingia mle kila siku kutazama karatasi zake, kwa hiyo taa ile aliiona kabla yangu.

Alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa amewauliza wale waliomuuzia, wakamwambia anunue mashine ya pili. Akasema hataki kununua mashine ya pili kwa ajili ya ile ya kwanza ambayo aliambiwa itamtosha miaka mitano. Hakupandisha sauti. Alisema ni Jumatatu, ananipa mpaka Ijumaa kabla ya swala, baada ya hapo ataita watu wengine. Kuhusu baba hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mimi nikikasirika sina simile. Nilimpigia fundi wa ile kampuni nikamwambia wamemuuzia mama wa watu mashine mbovu. Akaniuliza kwa upole kama nimefuata mwongozo. Nikamwambia nimeanza kazi hizi yeye akiwa bado anajifunza kuwasha kompyuta, nikakata simu. Sikujua umri wake wala nini. Baadaye nilikuja kumpigia kumwomba radhi, akacheka, na kicheko chake kilinistahili.

Jumanne nilishinda na mashine. Nilibadilisha nyaya, nikazima nikawasha, nikasoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari. Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa inaniambia kwa takwimu zake kwamba kila ninachoiletea haijawahi kukiona. Nami nilijua kwamba naileta seva ileile kila siku. Jumatano saa sita nikaamua kwenda kwa baba. Nilikwenda kumwambia arudi kwa yule mama, ayaondoe maneno yake kabla ya Ijumaa, aseme mtoto ni mtoto na kalenda ni kalenda. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu njia nzima.

Nilimkuta anagombana na mteja. Ugomvi wa baba ni wa upande mmoja, kwa sababu yeye huendelea na kazi. Mteja alikuwa mama mfanyabiashara wa Songea, amekuja na vifurushi sita, kila kimoja kimefungwa vizuri kwenye duka lake kilikonunuliwa, na kamba, na selotepu juu. Baba alikuwa ameshika kisu anavikata kamba kimoja baada ya kingine.

Jambo hilo nimeliona maisha yangu yote. Baba hapokei mzigo uliofungwa. Uje na fundo la dhahabu, atalikata. Siku zote nilidhani ni ubishi wake, au ni kuwaonyesha watu kwamba fundo zuri ni la kwake tu, na kwa kuwa na mimi nimerithi ubishi huo sikuwahi kumuuliza.

"Mzee, mbona unanifungulia?" yule mama aliuliza. "Vitu vimefungwa vizuri hivyo."

"Vimefungwa vizuri na watu sita," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Kila mtu kafunga kivyake, hajui mwenzie kafunga nini. Nikivibeba hivyohivyo nitakufungia hewa mpaka Songea."

Akapasua maboksi manne ya kwanza. Mawili yalikuwa na ndoo, moja beseni, la nne ndoo tena, za ukubwa uleule, kutoka duka jingine. Akazitoa zote akazipachika, ndoo ndani ya ndoo, beseni ndani ya beseni, mpaka maboksi manne yakawa mnara mmoja wa kufika kiunoni. Yule mama aliinama kuutazama. Baba akamwonyesha ule mnara kwa ncha ya kisu.

"Zikionana zinaingiana," alisema. "Ukizifungia ndani ya boksi hazionani. Mzigo uje wazi, mama. Kufunga niachie mimi wa mwisho."

Nilisimama pale nikiwa na hotuba yangu mdomoni, na yote ikanitoka kichwani. Faili likibanwa linageuka sura. Likifungwa kwa ufunguo linageuka zaidi, na kesho likifungwa tena linageuka kivingine. Mimi nilikuwa nachukua kadi mia nne zinazofanana, nazibana, nazifunga, halafu naipa mashine vifurushi visivyofanana hata kimoja na kuilaumu kwamba haioni. Mashine inajua kubana yenyewe. Inajua kufunga kwa ufunguo pia, tena baada ya kupanga. Mimi nilijitia kufunga kwanza, kama wale wauza ndoo.

Baba aliniona, akauliza kama nimekula. Nikamwambia bado, nikamwambia narudi, nikaondoka karibu nakimbia. Nyuma yangu nilimsikia yule mama wa Songea akiuliza huyo nani, na baba akijibu kwamba ni binti yake, fundi wa mashine.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mama wa kiwanda kabla sijagusa kitu. Njiani nilipata kishawishi cha kurekebisha kimyakimya na kusema nimeitengeneza mashine. Hakuna ambaye angejua. Lakini baba hafungui mzigo wa mtu nyuma ya mgongo wake, huufungua mbele ya macho yake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia kosa ni langu na si la mashine, na nikamweleza kwa mfano wa ndoo. Nilimwambia pia kwamba ili nipate nafasi lazima nifute nakala zote za zamani, ila nitaacha moja ya mwisho, iliyofungwa vibaya lakini nzima, mpaka nakala mpya ithibitike.

Akauliza jambo moja tu. "Baba yako anajua?"

"Hajui kama amenifundisha," nilisema. "Lakini ndiye aliyenionyesha."

Akaniambia nikafanye. Nikatoa tiki zote mbili kwenye kazi ya bakapu, na ufunguo wa siri nikauwasha kwenye mashine yenyewe. Nikafuta nakala za zamani, nikaiacha mashine ifanye usafi wake na kurudisha nafasi, na jioni ile nikaagiza nakala nzima ya seva, wazi. Alhamisi asubuhi nilikuta seva nzima imeingia katika nafasi ndogo kuliko yenyewe, kwa sababu hata mle ndani kadi zilikuwa zimeanza kuonana. Alhamisi jioni nikaagiza nakala nzima tena. Ijumaa asubuhi nilifungua ukurasa wa matokeo nikiwa nimesimama, siwezi kukaa. Kipimo kilikuwa kimesogea kidogo kiasi kwamba nilikisoma mara tatu. Taa ya mbele ilikuwa ya kijani. Nilipiga meza kofi moja, mchapaji wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna nini.

Mama alikuja saa nne. Nilimwonyesha takwimu, akazitazama kama mtu anayetazama picha za watoto wa jirani. Kisha akakaa kwenye kompyuta ya mchoraji wake, akauliza kadi za harusi ya wiki ijayo ziko wapi. Mchoraji akamwonyesha folda. Zilikuwa kadi zote za wageni, zimekamilika, zinasubiri kuchapwa mchana ule.

Akaifuta ile folda, na mchoraji akashika kichwa. Mama akaenda kwenye pipa la taka la kompyuta akalimwaga, akaondoa mkono kwenye kipanya, akanigeukia.

"Haya," alisema.

Nilifungua mashine, nikatafuta nakala ya jana jioni, nikachagua folda ile, nikaagiza irudi. Kila kadi sasa ilikuwa ni vipande vilivyotawanyika mle ndani, vingine ni vya kadi za harusi nyingine kabisa, na mashine ilipaswa kuviokota na kuviunga upya. Mstari wa maendeleo ulikuwa unasogea taratibu. Mama aliagiza chai, ikaletwa, akaanza kuinywa. Kikombe kilikuwa hakijafika nusu folda iliporudi.

Hakuhesabu. Alitelezesha orodha ya majina polepole kwa kidole cha kati mpaka akaikuta anayoitaka, akaifungua. Ilikuwa kadi ya jina lake mwenyewe. Naye alikuwa mwalikwa wa harusi ile. Akaisoma yote, ua, dhahabu, ukumbi, saa, jina. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mwambie baba yako," alisema, "kalenda zikiwa tayari nitamletea."

Niliitikia sawa mama, nikakusanya vitu vyangu kwa adabu, nikatoka. Nilipofika kwenye ngazi nikakaa chini nikalia kidogo, kilio cha furaha ambacho mtu anakipangusa haraka kabla wapita njia hawajauliza. Nilijivunia kazi yangu siku ile bila aibu yoyote. Na nilijivunia ya baba kuliko nilivyowahi kuijivunia, maana kwa miaka mingi nilikuwa nikiulizwa chuoni baba anafanya nini, najibu kwamba ni mfanyabiashara.

Nilimpelekea ujumbe ule kabla ya adhana. Nikamweleza na habari ya ndoo, jinsi zilivyonitoa kwenye shimo. Alisikiliza huku anapima kamba kwa mkono, kutoka kwenye bega mpaka ncha ya vidole, kama anavyopima siku zote.

"Kumbe miaka yote ile ulikuwa unavuta tu," alisema. "Hukuwa unaangalia."

Nilidhani yameisha hapo, na kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa mengi.

Kalenda zilikuja mwishoni mwa mwaka, kama kawaida. Nilipita barazani siku hiyo nikitokea Ilala, malori mawili yamesimama, na baba amezungukwa na marobota ya karatasi mpaka shingoni. Pembeni alikuwepo mteja mgeni, kijana wa Tunduru mwenye duka la vyombo, amekuja na mzigo wake umefungwa tayari, anataka ahudumiwe upesi. Akaniona nimesimama karibu na kamba, nimevaa viatu vyangu vya ofisini, akamuuliza baba huyu dada naye ni mteja, au vipi.

Baba alikuwa na ncha ya kamba mdomoni. Akaitoa. Maisha yangu yote nimemsikia akimwita mtu mmoja tu jina alilonipa pale, yule mzee marehemu aliyemwachia baraza.

"Huyo ni mfungaji mwenzangu," alisema, akarudisha kamba mdomoni.

Nilivua viatu nikaviweka juu ya robota. Nikachukua kisu cha baba pale kinapokaa siku zote, nikamgeukia yule kijana wa Tunduru, nikamwomba asogeze mzigo wake tuufungue.